Mbegu za kitani na ini lenye mafuta: zinasaidia kwa kiasi gani, na kwa masharti yapi?

Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa,

Kwa muda sasa mbegu za kitani, ambazo wauzaji wengi wanaziita flaksi, zimekuwa zikinadiwa mitandaoni na madukani kwamba zinasafisha ini na kuyeyusha mafuta yaliyojikusanya humo. Nafanya kazi katika masuala ya lishe, na wanaoniuliza kuhusu mbegu hizi mara nyingi ni watu waliotoka kupigwa picha ya altrasaundi, wakasoma kwenye karatasi ya majibu kwamba ini lao lina mafuta, kisha wakaondoka hospitalini bila maelezo ya kutosha. Mtu wa namna hiyo ana hofu, na mwenye hofu hununua chochote anachoambiwa. Nimeona ni vyema kuandika kwa urefu kidogo ili anayetaka kuzitumia azitumie akijua anachokifanya.

Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: upo ushahidi wa kweli, ingawa bado ni mdogo, kwamba unga wa mbegu za kitani humwongezea nafuu mgonjwa ambaye tayari amebadilisha chakula na ameanza kupunguza uzito. Majaribio nitakayoyaeleza hayakumpima mtu aliyeendelea na maisha yake ya zamani huku akilamba kijiko cha mbegu hizi kila asubuhi, kwa hiyo anayewauzia watu matumaini hayo anauza kitu ambacho majaribio hayo hayakukionesha.

Kwanza tuelewe mafuta hayo yanatoka wapi, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Ini huhesabiwa kuwa na mafuta pale zaidi ya asilimia 5 ya seli zake zinapokuwa zimehifadhi mafuta. Mgonjwa akiambiwa hivyo hufikiri mara moja mafuta ya kupikia, nyama ya mbuzi na chipsi, akaamua kula vyakula vya kuchemsha huku akiendelea na chai yenye vijiko vitatu vya sukari, juisi za pakiti na soda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 na watafiti wa Marekani, ambao waliwapa wagonjwa wachache viini maalumu vya kufuatilia safari ya mafuta mwilini, ulionesha kwamba takribani asilimia 59 ya mafuta yaliyokutwa kwenye ini yalitoka katika hazina ya mafuta ya mwili wenyewe, asilimia 26 yalitengenezwa na ini lenyewe kutokana hasa na sukari na wanga, na asilimia 15 tu yalitoka moja kwa moja katika mafuta yaliyoliwa.

Maana yake ni kubwa. Katika hali ya kawaida insulini, homoni inayodhibiti sukari kwenye damu, huyazuia mafuta yaliyohifadhiwa chini ya ngozi na tumboni yasimwagike ovyo kwenye damu. Mwili unapoacha kuiitikia insulini vizuri, kizuizi hicho hulegea, mafuta yakatiririka kuelekea kwenye ini usiku na mchana, na wakati huohuo insulini nyingi inayozunguka kwenye damu hulihimiza ini kugeuza sukari kuwa mafuta mapya. Ndiyo maana ini lenye mafuta huandamana na kitambi, kisukari aina ya pili, shinikizo la damu na mafuta mengi kwenye damu. Chakula chochote kitakachosemwa kuwa kinalisaidia ini hili lazima kiguse mojawapo ya njia hizo: kipunguze hazina ya mafuta mwilini, kiufanye mwili uiitikie insulini, au kilipunguzie ini kazi ya kutengeneza mafuta.

Sasa tuziangalie mbegu zenyewe. Katika gramu 100 za mbegu za kitani kuna takribani gramu 42 za mafuta, gramu 27 za nyuzinyuzi na gramu 18 za protini. Zaidi ya nusu ya mafuta hayo ni asidi ya alfa-linoleniki, ambayo ni omega-3 ya mimea. Aidha, mbegu hizi zina lignani, aina ya viambata vya mimea, nyingi kuliko karibu vyakula vyote tunavyovijua. Bakteria wa utumbo mpana huzibadilisha lignani hizo kuwa viambata vingine, kikiwemo enterolaktoni, ambavyo ndivyo vinavyoingia kwenye damu. Nyuzinyuzi zake zinapokutana na maji hutoa ute unaopunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu na unaomfanya mtu ashibe mapema. Omega-3 kwa upande wake hulisukuma ini kuchoma mafuta zaidi na kutengeneza machache.

Majaribio kwa binadamu yaliyo muhimu zaidi yamefanyika Iran, na hilo linastahili kutajwa kwa heshima, kwa kuwa watafiti wa nchi hiyo wamelishughulikia swali hili kwa bidii. Zahra Yari, Azita Hekmatdoost na wenzao walichapisha mwaka 2016 jaribio la watu 50 wenye ini lenye mafuta. Wote walipewa mwongozo wa kubadilisha mtindo wa maisha, na nusu yao wakaongezewa gramu 30 za unga wa mbegu za kitani za kahawia kila siku kwa wiki 12. Mwishoni makundi yote mawili yalipata nafuu: uzito ulipungua, vimeng'enya vya ini, ambavyo hupanda kwenye damu ini linapoumia, vilishuka, mwili uliiitikia insulini vizuri zaidi, na kipimo cha kupima ugumu na mafuta ya ini kilionesha mabadiliko mazuri. Waliokula mbegu walipata nafuu kubwa zaidi.

Naomba sentensi ya kwamba makundi yote mawili yalipata nafuu isomwe mara ya pili, kwa sababu wauzaji huiruka.

Mwaka 2021 kundi hilohilo la watafiti lilichapisha jaribio la watu 100 waliogawanywa katika makundi manne: la kwanza lilipewa gramu 30 za unga wa kitani, la pili hesperidini, ambayo ni kiambata kinachopatikana kwenye machungwa, la tatu likapewa vyote viwili, na la nne likabaki na mwongozo wa maisha peke yake. Matokeo yaliendelea kuelekea upande uleule. Kabla ya hapo, mwaka 2020, watafiti wa Shiraz, hukohuko Iran, walichapisha jaribio la watu 68 waliokuwa kwenye mpango wa kupunguza uzito, ambapo wengine walitumia gramu 20 za mafuta ya kitani kwa siku na wengine kiasi hichohicho cha mafuta ya alizeti, bila mgonjwa wala mtafiti kujua nani anatumia nini. Daraja la mafuta kwenye ini lilishuka zaidi kwa waliotumia mafuta ya kitani. Jaribio hili nalithamini zaidi kuliko mengine kwa sababu ya usiri huo. Katika majaribio ya unga kila mshiriki alijua anachokula, na anayejua kwamba amepewa "dawa" hujibidiisha zaidi hata katika mambo mengine.

Mapungufu yapo na hayafichiki. Washiriki ni wachache, muda ni wiki 12, na majaribio haya hayakuchukua kipande cha ini ili kukitazama kwa hadubini. Yote matatu yalifanyika katika nchi moja, yenye mapishi yake na mazoea yake. Linganisha na utafiti uliofanyika Havana, Cuba, na kuchapishwa mwaka 2015, ambamo wagonjwa 293 walifuatiliwa kwa wiki 52 wakichukuliwa kipande cha ini kabla na baada. Miongoni mwa waliopunguza uzito kwa asilimia 10 au zaidi, asilimia 90 waliondokewa na uvimbe wa ini unaosababishwa na mafuta, na asilimia 45 makovu yao yalirudi nyuma. Hakuna chakula chenye matokeo ya namna hiyo. Lakini ukweli mwingine wa utafiti huo ni kwamba waliofikia kiwango hicho walikuwa takribani mmoja kati ya kumi, na kwa hiyo kitu chochote kinachomsaidia mtu kushiba na kudumu kwenye mpango wake si cha kudharauliwa. Hapo ndipo ninapoiona nafasi halisi ya mbegu za kitani.

Kuhusu matumizi: gramu 30 ni takribani vijiko vinne vya chakula vya unga wake, na zina kalori zipatazo 160 na nyuzinyuzi gramu 8. Kalori hizo lazima ziondolewe mahali pengine. Mtu akiongeza vijiko vinne juu ya sahani ileile ya wali na chapati zilezile, atanenepa, na ini lake litapata mzigo badala ya msaada. Mimi humshauri mtu aanze na kijiko kimoja kwa siku katika wiki ya kwanza, kwa sababu tumbo lisilozoea nyuzinyuzi hujaa gesi, kisha aongeze polepole huku akinywa maji ya kutosha. Changanya kwenye uji, maziwa ya mtindi, mboga za majani au maharage wakati wa kuepua.

Karibuni kwa maswali.

Mama wa Tabata

Ahsante sana ndugu kwa maelezo haya. Mimi nimeuziwa mbegu nzima na nikaambiwa niziloweke usiku, asubuhi ninywe maji yake pamoja na mbegu zenyewe bila kuzitafuna. Nimefanya hivyo kwa muda, na kusema kweli choo kimekuwa laini na njaa ya saa nne imepungua, lakini umesisitiza unga. Je, nimekuwa nikipoteza pesa?

Mwanzisha uzi

Hujapoteza, dada yangu, ila umepata sehemu tu ya faida. Ute unaotoka wakati wa kuloweka ni nyuzinyuzi, na ndio uliokulainishia choo na kukushibisha. Mafuta ya omega-3 na sehemu kubwa ya lignani vimefungiwa ndani ya ganda gumu, na mbegu ikimezwa nzima mara nyingi hutoka ikiwa nzima. Zisage kwenye blenda kavu ya viungo au zitwange kwenye kinu, kiasi cha siku chache tu, uweke kwenye chombo kisichopitisha hewa ndani ya friji. Unga wake huchacha upesi. Ukisikia harufu ya mafuta yaliyokaa au ladha chungu, utupe.

Naongeza tahadhari moja ambayo nimeona haitajwi. Mafuta ya kitani yanayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi kwa ajili ya kupaka mbao hayaliwi kamwe, kwani huwa yametiwa kemikali za kuyakausha. Hata yale ya kula hayafai kukaangia, kwa sababu joto kali huyaharibu.

Tabibu wa zamu

Nashukuru kwa uzi ulioandikwa kwa uangalifu. Nafanya kazi kliniki ya magonjwa ya ndani, na ningependa kuongeza upande wa vipimo, kwa sababu tatizo kubwa ninaloliona linaanza kabla ya chakula chochote.

Mgonjwa akiambiwa ini lina mafuta, swali la kwanza si ale nini. Swali la kwanza ni kama ini lake limeshaanza kuwa na makovu, na kama hakuna sababu nyingine iliyojificha nyuma ya mafuta hayo. Katika nchi zetu virusi vya homa ya ini aina ya B ni vingi, na mtu anaweza kuwa navyo pamoja na mafuta kwa wakati mmoja. Huyu akikaa mwaka mzima anakula mbegu na kupungua kilo tano, virusi vitaendelea na kazi yake. Kwa hiyo kila mwenye majibu ya namna hii apimwe homa ya ini aina ya B na C, aulizwe kwa uwazi kuhusu pombe, na aeleze dawa zote anazotumia zikiwemo za mitishamba, kwa sababu baadhi ya mchanganyiko unaouzwa kwa jina la kusafisha ini huliumiza ini hilohilo.

Jambo la pili ni kwamba vimeng'enya vya ini vinaweza kuwa vya kawaida kabisa huku makovu yakiendelea kujengeka. Kuna hesabu rahisi iitwayo FIB-4 inayotumia umri, vimeng'enya viwili vya ini na idadi ya chembe sahani (chembe za damu zinazosaidia kugandisha damu), vipimo ambavyo hospitali nyingi za wilaya zinavyo. Ikitoka chini ya 1.3, uwezekano wa makovu makubwa ni mdogo. Kwa wenye umri wa miaka 65 na kuendelea tunatumia 2.0 badala ya 1.3. Ikizidi 2.67, mgonjwa apelekwe kwa mtaalamu wa ini bila kusubiri.

Wengine huniuliza kuhusu dawa za kisasa. Machi 2024 Marekani iliidhinisha resmetirom kwa wagonjwa wenye uvimbe wa ini unaosababishwa na mafuta na makovu ya wastani hadi makubwa ambayo hayajafikia sirosisi, yaani hatua ya ini kujaa makovu, na hata hiyo iliidhinishwa itumike sambamba na lishe na mazoezi.

Kijana wa Nyegezi

Wakuu, mimi ni mwembamba, sinywi pombe, na bado altrasaundi imeonesha mafuta daraja la kwanza. Maelezo yote haya ni ya watu wenye vitambi. Mimi nipunguze nini?

Mwanzisha uzi

Swali lako ni la msingi, na watu wa hali yako si wachache. Wembamba wa mikono na uso hausemi kila kitu. Mafuta yanayoleta shida hukaa ndani ya tumbo, kuzunguka utumbo, na mtu anaweza kuwa nayo huku nguo zake zikimtosha vizuri. Pima kiuno chako kwa futi ya fundi cherehani ukilinganisha na miaka iliyopita, pima sukari ya asubuhi kabla ya kula na mafuta ya kwenye damu. Wataalamu wa ini wanashauri hata mwembamba mwenye hali hii apunguze asilimia 3 hadi 5 ya uzito wake, ambayo kwa mtu wa kilo 65 ni kama kilo mbili hadi tatu, na aongeze mazoezi ya kutumia nguvu ili misuli ichukue sukari badala ya kuliachia ini.

Kwako wewe ningeanza na vinywaji. Soda, juisi za pakiti na vinywaji vya kuongeza nguvu vina sukari ambayo sehemu yake, fruktosi, hushughulikiwa kwa wingi na ini moja kwa moja. Mbegu za kitani unaweza kuzitumia, lakini kwa kiasi kidogo na badala ya kitafunwa kingine.

Mama wa Tabata

Samahani kwa kurudi tena. Mume wangu ana kisukari, anatumia metformini na glibenklamaidi, na mama mkwe yuko kwenye dawa ya kuzuia damu isigande. Naweza kuwapikia uji mmoja wenye mbegu hizi?

Mwanzisha uzi

Kwa mumeo inawezekana, ila apime sukari mara nyingi zaidi katika wiki za mwanzo, kwa kuwa glibenklamaidi inaweza kuishusha sukari sana pale chakula kinapobadilika. Ute wa mbegu pia huweza kuchelewesha dawa kufyonzwa, hivyo vidonge na uji huo viachane kwa saa moja hadi mbili, na daktari wake aambiwe. Kwa mama mkwe usianze kabla ya kuzungumza na kliniki inayompima damu yake. Vivyo hivyo mjamzito, na mtu aliyewahi kuziba utumbo au mwenye utumbo mwembamba kutokana na upasuaji, wasizitumie kwa wingi bila ushauri.

Mwanachama wa Addis Ababa

Naandika kutoka Ethiopia ninakofanya kazi. Huku mbegu hizi zinaitwa telba na ni chakula cha miaka mingi. Huzikaanga bila mafuta, huzisaga, kisha huzichanganya na maji kuwa kinywaji, hasa nyakati za mfungo. Nauliza kama kuzikaanga kunaharibu faida yake, na kama ni kweli kwamba zina sumu.

Mwanzisha uzi

Ahsante kwa mchango huo. Kukaanga kwa moto mdogo kwa muda mfupi hakuharibu sana mafuta yake, na kunapunguza kile kinachoitwa sumu. Mbegu za kitani zina viambata vinavyoweza kutoa sayanaidi, kikiwemo linamarini, ambayo ndiyo hiyohiyo iliyomo kwenye muhogo mchungu. Kiasi kilichomo katika vijiko vichache vya unga mwili wa mtu mzima mwenye lishe ya kawaida hukimudu, na washiriki wa majaribio niliyoyataja walikula gramu 30 kila siku kwa wiki 12. Sababu ya kutovuka kiasi hicho ipo, na kwa watoto wadogo mimi sishauri kabisa kuwapa unga mbichi wake.

Kijana wa Nyegezi

Swali la mwisho kutoka kwangu. Bei ya mbegu hizi hapa ni kubwa. Ufuta au dagaa haviwezi kufanya kazi hiyo?

Mwanzisha uzi

Ufuta ni chakula kizuri chenye lignani pia, lakini omega-3 yake ni kidogo sana. Mbegu za chia zina omega-3 nyingi ya aina ileile, ila nazo bei yake si ya mtu wa kawaida. Dagaa wana faida moja ambayo kitani haina: omega-3 yao ni ile ambayo mwili unaitumia moja kwa moja, wakati ile ya mimea hubadilishwa kwa kiasi kidogo tu kuwa ya namna hiyo. Nyuzinyuzi utazipata kwenye maharage, kunde, choroko, mbaazi na ugali wa dona. Mtu wa Mwanza anayekula dagaa waliochemshwa au kuokwa mara kadhaa kwa wiki, mikunde kila siku, na aliyeachana na soda, hana sababu ya kujiona amekosa tiba kwa sababu hakununua kitani.

Angalizo kwa wanaosaga mchanganyiko wa unga wa lishe: ukitia karanga au mahindi yaliyohifadhiwa kwenye unyevu, sumukuvu huingia, na hiyo ni adui wa ini kuliko mafuta yenyewe. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa sababu ya mahindi yenye sumu hiyo. Kitani isagwe peke yake na ichanganywe mezani.

Kwa atakayeamua kuanza, aandike uzito, kiuno na majibu ya vimeng'enya vya siku ya kwanza, arudie baada ya wiki 12, na altrasaundi asubiri angalau miezi sita. Kama uzito na kiuno havijasogea kabisa katika wiki hizo 12, asiongeze kijiko cha tano; arudi kwa daktari na mtaalamu wa lishe akiwa na orodha ya kila anachokula na kunywa kwa wiki nzima, hata zile soda za ofisini.